Niuze kihamba nimpeleke binti "shule ya afya"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza mitumba Kiboriloni na nalea watoto watatu peke yangu. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili, shule ya kata. Tangu akiwa mdogo anasema atakuwa nesi au daktari. Sasa kuna shule ya binafsi ilikuja kujitangaza kanisani, wanasema ni shule ya afya: watoto wanavaa makoti meupe, wanafundishwa huduma ya kwanza, na kwamba huko Marekani watoto wa maskini ndivyo wanavyosaidiwa kuingia kwenye fani za afya. Ni ya bweni, ada shilingi 2,800,000 kwa mwaka. Shemeji anashauri tuuze kipande cha kihamba, shamba la ukoo, alichotuachia marehemu mume wangu. Mtihani uliopita binti alipata Baiolojia 61, Kemia 44, Fizikia 29, Hisabati 17. Naogopa kuuza, na naogopa kumnyima mtoto. Nifanye nini? – Mama wa watatu, Moshi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe ili usikeshe ukiliwaza: usiuze. Walau si sasa, na si kabla hujaiona shule hiyo kwa macho yako, kwa namna nitakayokueleza. Nimefundisha uuguzi hapa Moshi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nimewapokea mabinti kama wako wakiingia chuoni na sanduku la bati na barua ya udahili mkononi, na nimewaona wengine wakirudishwa getini kwa sababu ya herufi moja kwenye cheti cha kidato cha nne. Nataka wako asiwe kati ya hao.

Hao waliokuja kanisani wamekuambia kweli, ila hawakuimaliza. Ni kweli Marekani zipo sekondari za namna hiyo. Mojawapo ya zilizotangulia iko Houston, Texas. Ilianzishwa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa mamlaka ya shule za mji ule na chuo cha udaktari cha Baylor, na sasa inaitwa kwa jina la Michael DeBakey, daktari bingwa wa upasuaji wa moyo. Nia yao ilikuwa kuwafikia vijana wa jamii ambazo hazikuwa na madaktari wao wa kutosha. Lakini wageni wako waliruka jambo moja: ile ni shule ya umma. Mzazi wa Houston halipi ada, wala haulizwi kuhusu shamba lake.

Jambo la pili waliloliruka ni zito zaidi. Taasisi ya utafiti ya huko, MDRC, iliwafuatilia vijana waliosoma katika sekondari zenye mkondo wa kazi, za afya na za fani nyingine. Waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi, hivyo ikapigwa kura, na waliopata wakalinganishwa na waliokosa. Miaka minane baada ya sekondari, waliopata nafasi walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 11. Hilo ni jema sana, hasa kwa mtoto wa maskini. Lakini alama zao za mitihani hazikupanda kuliko za wenzao, na walioendelea na masomo ya juu hawakuwa wengi zaidi. Faida ilitokana na kuijua kazi mapema, kukutana na watu wa kazi hiyo, na kuwa na walimu wachache wanaomjua mtoto kwa jina.

Sasa lete hilo hapa kwetu. Kijana wa Marekani anaweza kutoka sekondari akaingia kazini, na mkondo ule ukamsaidia siku hiyo hiyo. Binti yako hawezi. Kati yake na wodi kuna mlango mmoja, nao hufunguliwa na matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, peke yake. Koti jeupe halisomeki kwenye cheti. Kwa hiyo kitu ambacho shule zile zinajua kukitoa sicho anachopungukiwa binti yako kwanza.

Tuutazame mlango huo. Kuingia stashahada ya uuguzi na ukunga, au ya utabibu, mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo hivyo, unataka ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. D inahesabika kuwa ufaulu, na D huanzia alama 30. Binti ana Baiolojia 61: hapo hana deni. Kemia 44 ni D, imebakiza alama moja iwe C. Fizikia 29 ni F, nayo imebakiza alama moja tu kuwa D. Ukiniuliza mimi, mtoto wa shule ya kata mwenye alama hizi kidato cha pili hajashindwa. Yuko kizingitini.

Hatari ya kwanza iko karibu. Katika shule nyingi, mwisho wa kidato cha pili ndipo watoto wanapogawanyika, huku sayansi na huku sanaa. Mwenye 29 ya Fizikia atashauriwa, pengine kwa nia njema kabisa, aachane nayo "ili asiharibu daraja". Akiiacha, unesi umeondoka siku hiyo, na hakuna atakayemwambia mpaka amalize kidato cha nne. Famasia itabaki, kwa kuwa yenyewe inadai Kemia na Baiolojia. Nenda ukaonane na mwalimu wa taaluma kabla ya mgawanyo huo, umweleze waziwazi kwamba binti anabaki na Fizikia.

Hatari ya pili ni hiyo 17 ya Hisabati, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo nilipoona machozi mengi kuliko popote. Utaambiwa Hisabati si lazima kwa unesi. Ni kweli, kwenye mlango wa stashahada ni nyongeza tu. Nilikuwa na jirani kijana, tabibu mzuri, aliyemaliza chuo na GPA (wastani wa alama za chuo) ya juu akaenda kuhudumia zahanati moja ya vijijini. Baada ya miaka kadhaa akataka kusomea udaktari. Anayetoka stashahada ya utabibu anaruhusiwa kuomba akiwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.5, na yeye alikuwa nayo. Lakini wanarudi pia kwenye cheti chako cha kidato cha nne, wanaangalia kama una angalau D ya Kemia, Baiolojia, Fizikia, Kiingereza na Hisabati. Yeye Hisabati alipata F. Mtu mwenye mke na mtoto, anayezalisha akina mama usiku kwa taa ya simu, alijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea akakaa tena chumba kimoja na watoto wa sare kurudia somo la miaka kumi iliyopita. Alifaulu. Wengi hawarudii, wanaishia hapo na uchungu wao.

Na hata asingetaka udaktari kamwe, wodini hesabu haimkwepi mtu. Mtoto wa kilo 12 ana homa, anatakiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Hizo ni miligramu 180. Dawa ya maji iliyo kabatini ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Umpe ngapi? Mililita 7.5. Au daktari ameandika lita moja ya maji ya mshipani iingie kwa saa 8, na mpira ulionao unatoa matone 20 kwa mililita: unapaswa kuhesabu matone 42 hivi kwa dakika, umesimama, mama mgonjwa anakutazama. Ni uwiano tu, mada inayofundishwa sekondari. Nimekuwa na wanafunzi wanaotaja mifupa yote ya mkono bila kukosea ambao wakifika kwenye hesabu hii kalamu inaganda. Kutoka 17 kwenda 30 ni alama 13. Mtoto hazipati kwa kuhamia bweni. Anazipata kwa mtu wa kukaa naye siku tatu kwa wiki na daftari moja, wakianzia pale alipopotea, na mara nyingi amepotea kwenye sehemu na desimali za shule ya msingi.

Kuhusu hiyo shule yenyewe. Sisemi ni mbaya, siijui. Ila niliwahi kualikwa kwenye sekondari moja, jina nalihifadhi, yenye ubao mkubwa uliochorwa msalaba na nyoka wa tiba. Watoto walipanga mstari na makoti yao, wakaimba vizuri mno. Nikaomba kuona maabara. Ufunguo ukatafutwa kwa nusu saa. Ndani kulikuwa na vumbi, chupa za kemikali zenye lebo zilizofifia, na hadubini moja iliyofungwa kwenye nailoni yake ya dukani. Niliumia, kwa sababu wazazi wale walikuwa wamelipa.

Kwa hiyo usiende siku ya wazazi. Nenda siku ya kawaida. Usimuulize mkuu wa shule kwanza, tafuta mtoto wa kidato cha nne umuulize ameshika bureti mara ngapi mwaka huu kwa mikono yake mwenyewe, na kama walipasua panzi au walichora tu ubaoni. Mtihani wa vitendo una alama zake, na mtoto asiyewahi kupima asidi kwa pipeti hawezi kuibahatisha siku ile. Omba matokeo yao ya kidato cha nne ya miaka mitatu, somo kwa somo, usikubali kuonyeshwa madaraja tu. Yako kwenye tovuti ya NECTA, kijana yeyote mwenye simu atakufungulia. Angalia Fizikia, Kemia na Hisabati. Uliza mwalimu wa Fizikia ana miaka mingapi pale, maana shule ambayo mwalimu wa Fizikia hubadilika kila muhula haina Fizikia. Na uliza waliomaliza wako vyuo gani. Shule iliyopeleka watoto vyuoni itakutajia bila kuhangaika. Kama majibu yote ni mazuri, shule hiyo ina thamani, nami nitakuwa wa kwanza kusema watafutwe wafadhili. Bado nisingegusa kihamba.

Sababu ya kihamba ni hesabu tu. Miaka miwili iliyobaki ni shilingi 5,600,000, bado godoro, nauli na michango. Baada ya hapo ndipo inakuja miaka mitatu ya chuo, na huko ndiko mzigo halisi ulipo: ada, hosteli, sare, vifaa, nauli za mafunzo kwa vitendo. Shule za kata hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita ada ilifutwa 2022. Serikali imekupunguzia mzigo kwenye sekondari, basi wewe hifadhi nguvu kwa ajili ya chuo. Nimeona familia zilizouza ardhi kwa ajili ya sekondari, mtoto akafaulu vizuri, akakosa ada ya chuo akarudi kuuza vocha. Na hilo la kuuza, mwanangu, kwa kuwa wewe ni mjane: kabla ya karatasi yoyote kusainiwa, jua nani ananunua na kwa bei gani, na usisaini pasipo mwanasheria au msaada wa kisheria. Simshuku shemeji yako. Ila ardhi hiyo ndiyo mto wa kichwa chako na watoto watatu, si wa mmoja.

Basi tufanyeje kwenye shule ya kata? Mengi ya yale ya Houston yanawezekana hapa kwa gharama ndogo, na kwa hili Moshi ina bahati ambayo wengi wetu tunapita pembeni yake kila siku tukienda sokoni. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na pale pembeni yake kuna vyuo ambavyo watoto wa Uru na Pasua hawajui kazi zake. Kipo kituo cha TATCOT, tangu 1981, kinachofundisha kutengeneza miguu na mikono bandia, na wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kujifunza hapo. Kuna fiziotherapia, kuna optometria ya macho. Mtoto wa huku anajua kazi mbili tu za afya, daktari na nesi, kwa sababu ndio aliowaona akichomwa sindano. Hamjui mteknolojia wa maabara anayesoma damu yake, wala wa mionzi, wala afisa lishe, wala fundi anayerekebisha mashine ya oksijeni. Kwa kazi hiyo ya mwisho, Chuo cha Ufundi Arusha kinafundisha vifaa tiba, na huko Hisabati na Fizikia ndizo zinazoongoza. Mtoto anayejua milango kumi akifungiwa mmoja hafi moyo.

Mwombe mwalimu wa Baiolojia aandike barua kwa mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya cha kata, aje muuguzi mmoja na mtu wa maabara waongee na watoto saa moja kwa mwezi. Hawatakataa, sisi wauguzi tunapenda kuulizwa kuhusu kazi yetu. Msalaba Mwekundu nao wana vilabu mashuleni, na huduma ya kwanza hiyo hiyo iliyotangazwa kanisani inafundishwa huko bila ada ya bweni. Kumpeleka binti wodini kutazama wagonjwa sikushauri. Mgonjwa si onyesho, na mtoto wa miaka 15 hana kazi pale.

Kiingereza ni jeraha lingine. Mtoto alisoma kwa Kiswahili miaka saba, kidato cha kwanza anaamka na lugha nyingine. Wanafunzi wangu wengi walijua jibu, hawakujua swali. Mwambie kila jioni asome ukurasa mmoja wa kitabu cha Baiolojia, kisha akusimulie wewe kwa Kiswahili. Wewe huhitaji kujua Kiingereza kwa hilo, unahitaji kukaa na kusikiliza. Akishindwa kukueleza, hajaelewa, arudie.

Na jambo ambalo mwalimu hawezi kukusaidia: siku ya soko kubwa usimtoe shule akusaidie kupanga nguo. Najua mkono wako ni mmoja. Lakini Fizikia ikifundishwa siku moja akakosa, inayofuata haishiki. Hakikisha pia ana pedi za mwezi mzima, kwa sababu siku nne za kukosa kila mwezi ni zaidi ya mwezi mzima kwa mwaka.

Ukifika wakati wa kidato cha nne atajaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi (masomo ya kidato cha tano) na vyuo. Watu watamwambia stashahada ni ya walioshindwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Akipata daraja la kwanza na sayansi zake ziko juu, aende kidato cha tano kusoma PCB, maana udaktari unataka ufaulu mkuu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla ya pointi 6, yaani D kila somo kwa uchache, kisha miaka mitano ya chuo na mmoja wa mazoezi hospitalini. Ziko pia shule za wasichana za sayansi za mikoa, za mradi wa kuboresha sekondari uitwao SEQUIP, na hizo ni za serikali. Lakini akipata wastani tu, kwa familia isiyo na akiba ningemtanguliza chuo cha afya. Kwa miaka mitatu ana kazi mkononi, na ngazi ya kupanda iko palepale kama alitunza zile D tano za kidato cha nne. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, imefunguliwa kwa baadhi ya stashahada za kipaumbele, za afya zikiwemo, kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, visije vikamkwamisha siku za mwisho.

Tahadhari moja ya haraka: kuna vyuo vya mtaani vinavyotoa "unesi wa miezi sita". Muuguzi wa Tanzania husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na chuo chake lazima kiwe kwenye orodha ya NACTVET. Kama hakimo, usilipe hata fomu. Tena usidhani cheti kinaleta ajira kesho yake. Wapo vijana wazuri wako nyumbani wanangoja nafasi huku zahanati zikiwa na muuguzi mmoja, na hilo linaniuma kila ninapoliona. Mwambie binti hivyo akiwa bado mdogo. Akisema bado anataka, utajua anaitaka kazi yenyewe.

Wiki hii, kabla ya kuitembelea ile shule, chukua daftari lake la Hisabati la kidato cha kwanza na la darasa la saba, mkae naye mezani, muone ni wapi alama za vema zilipokoma. Ukishapapata, mtafute pale jirani mwanachuo au mwalimu wa mazoezi, wako wengi mji huu, mkubaliane malipo ya wiki kwa wiki. Kisha niandikie ni mada gani mliyoikuta, nikuelekeze pa kuanzia.